Sanduku la Bwana Mbu

Kila Jumanne ya msimu wa mvua, mtu wa afya ambaye mtaa mzima humwita Bwana Mbu hubisha hodi kwa mzee mgane, akachuchumaa penye bomba na kufungua mtego wake. Mbu huwatoa kwa kibano na kuwatia katika kisanduku cha kupelekwa kupimwa, mmoja mmoja, kama anayechambua mchele, huku akiwabembeleza, "Njoo, mama, njoo." Kisha husoma kipimo cha mvua, akailamba ncha ya penseli, akaandika. Jumanne hii mzee alimuuliza, "Mwanangu, wale wa mwaka jana walikuwa na kirusi cha homa?"

Kibano kilisita. "Walikuwa nacho, mzee wangu."

"Mlijua lini?"

"Sanduku haliendi maabara mpaka lijae. Mvua zilisuasua, mbu wakawa haba, likachukua wiki sita."

Mzee alihesabu kwa vidole. Mkewe alishikwa na homa wiki ya tatu, akazikwa ya nne.

"Na la mwaka huu?"

Bwana Mbu alilifunika kwa kiganja. "Bado nusu."

Mzee akavua shati, akaketi kando ya mtego kifua wazi. "Waite basi," alisema. "Tulijaze leo."