Mwanatabu Hakupokea Leso

Pale Likoni, katika nyumba za makuti zilizo nyuma ya soko, alikuwako mkandaji wa wazazi aliyeitwa Mwanatabu binti Mwinyihaji, na sifa yake ya kwanza ilikuwa ukaidi. Ya pili ilikuwa mikono. Mwanamke aliyejifungua na hana mama wa kumlea alipelekwa kwake, akakaa siku arubaini katika chumba cha uani: akandwe kwa maji ya moto, afungwe mkaja wa tumbo, anywe uji wa pilipili manga, na asishike hata ufagio. Tena Mwanatabu alikuwa na jambo ambalo wakandaji wengine hawakuwa nalo. Ujanani alifua nguo kwa mama mmoja wa Kihindi huko kisiwani, Jamnaben, ambaye kila asubuhi alitandika mkeka akajinyoosha na kuvuta pumzi kwa kipimo. Mwenyewe akiyaita yoga. Mwanatabu alitazama miaka sita, akachukua alichokitaka, akavuka nacho kuja Likoni bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Sasa, siku ya arubaini mzazi hurudishwa kwa mumewe, na mama mkwe huja na ada ya mkandaji: doti moja ya leso mpya, vipande viwili ambavyo havijakatwa. Mkandaji akishaipokea, basi, kazi imekwisha. Akionekana tena mlangoni kwa yule mwanamke, watu humuuliza kwa macho. Amefuata nini? Ataka doti ya pili? Au amekuja kututangazia kwamba mke wa nyumba hii ni mgonjwa? Kwa hiyo mkandaji mwenye adabu akikutana na mzazi wake njiani humsalimu, akapita.

Mwanatabu naye alikuwa na adabu hiyo mpaka mwaka wa hamsini na saba, alipomlea Mwanarehema. Alimtoa arubaini mzima, anacheka, akapokea leso zake kwa mikono miwili. Miezi minne baadaye alimwona bombani, debe la maji kichwani, mkono mmoja umeshika kiuno, anatembea kama anayeogopa ardhi. Walisalimiana. Mwanatabu alitaka kuuliza, akaona haya, akapita. Mwaka haukwisha ila kizazi cha Mwanarehema kilikuwa kimeshuka kabisa, na mumewe amemrudisha kwao Jomvu Kuu na talaka yake. Zile leso Mwanatabu hakuzipinda wala hakuzivaa. Zilikaa sandukuni, na kila alipolifungua sanduku alijichukia upya.

Mapema mwaka wa sitini na moja akaletewa Salme, msichana wa miaka kumi na tisa, mke wa Khatibu aliyefanya kazi bandarini. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu, wa siku mbili. Mwanatabu alimkanda, akamfunga, akamfundisha kulala chali na miguu ukutani, avute pumzi taratibu na kukaza chini kama anayezuia haja, ahesabu mpaka kumi, alegee. Siku arubaini zilipotimia kizazi kilikuwa kimepanda, lakini Mwanatabu alijua bado hakijashika. Miezi sita mingine ya kulala chali na kutobeba kitu, ndipo. Akijua pia Salme anarudi nyumba gani.

Ilikuwa nyumba ya Bi. Barke, mamake Khatibu, mwanamke aliyezaa saba na hakumwonea huruma yeyote aliyezaa pungufu. Alikuja kumchukua mkwewe na doti ya leso nyekundu, mpya, inanukia udi. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Bi. Barke," akasema Mwanatabu. "Hiyo rudi nayo."

"Marahaba. Nirudi nayo vipi? Ni ada yako."

"Ada hupewa aliyemaliza. Mimi kazi yangu haijesha."

"Watutukana, Mwanatabu?"

"Wallahi sikutukani. Salme aenda kwake, nami nitakuja kumtazama kila Jumatano mpaka nitakaporidhika. Siku hiyo utanipa leso nizipokee."

Bi. Barke alikunja leso zake, akaondoka na mkwewe na mjukuu bila kuaga. Kumnyima mkandaji ada ni aibu inayojulikana. Lakini mkandaji kukataa ada, hilo Likoni haikuwahi kulisikia, na hapakuwa na mtu aliyejua la kusema juu yake. Wakasema mengi tu.

Jumatano ya kwanza Mwanatabu alimkuta Salme bombani, siku tatu tangu atoke arubaini, debe limejaa kichwani. Alilitua lile debe, akajitwika yeye, akatembea nalo mbele ya foleni nzima ya wanawake mpaka nyumbani kwa Bi. Barke, akajaza mtungi, akarudi kuteka jingine. Mtu mzima wa miaka arubaini na tano, mkandaji wa watu, anawatekea wengine maji. Bi. Barke alisimama mlangoni uso umemshuka kwa aibu.

"Kila nitakapomwona na debe," akasema Mwanatabu huku anahema, "nitateka mimi. Mchana, watu wakiona."

Debe likakoma. Vita havikukoma. Jumapili Khatibu alitumwa na leso. Alikuwa kijana wa heshima, akaamkia, akaketi, akapangusa jasho, na ilionekana wazi kwamba maneno aliyoyaleta si yake.

"Bi. Mwanatabu, mama asema uzipokee, yaishe. Tena watu wasema wamfundisha mke wangu ibada za Kibaniani. Kuvuta pumzi, sijui kuinua miguu."

"Kuvuta pumzi ni ibada? Basi wewe hapo ulipo umeshinda ukisali."

Khatibu alicheka, kisha akakumbuka alikotumwa. "Na nikikukataza nisiione miguu yako kwangu?"

"Nikataze. Lakini ukinikataza uwe umemuuliza mkeo kwanza anavyojisikia akisimama. Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Aliziacha leso kizingitini akaenda zake. Mwanatabu alizifunga kwenye kitambaa, akapita nazo alasiri katikati ya Likoni, mbele ya baraza la wanaume waliokuwa wakigombana kama Mwambao utabaki kwa Sultani au utaingia Kenya, akaziweka kizingitini kwa Bi. Barke. Mara tatu leso zile zilikwenda na kurudi, na mara ya tatu hata wale wanaume waliacha habari za Mwambao wakaanza kubishana kuhusu Mwanatabu.

Jumatano baada ya leso kurudishwa mara ya tatu, mlango ulikuwa umefungwa. Alipiga hodi, kimya. Akapiga tena. Ndani mtoto alilia, akanyamazishwa haraka. Watu wameniziba mdomo, Mwanatabu akawaza, na hasira ikampanda mpaka masikioni, kwa sababu alimwona Mwanarehema waziwazi, na debe lake, na ile salamu ya njiani. Safari hii hapiti. Alikaa kwenye baraza ya nje, chini ya dirisha, akapaza sauti kama mtu anayenadi samaki.

"Salme! Lala chali mwanangu. Miguu ukutani. Usikaze mabega. Haya, vuta pumzi kwa pua, polepole. Kaza chini. Moja. Mbili."

Jirani wa mkono wa kulia alitoa kichwa. Wa kushoto akatoka na kigoda chake kabisa. Mwanatabu alihesabu mpaka kumi, akasema legea, akaanza upya, mara kumi na mbili. Akaondoka. Jumatano ya pili ya mlango uliofungwa alifanya vilevile, na ya tatu, na ya nne. Kufikia ya tano walikuwako wanawake sita kwenye baraza ile, na wawili wao walikuwa wakikaza, walionekana usoni.

Jumatano ya sita mlango ulifunguliwa kabla hajapiga hodi. Alisimama Bi. Barke mwenyewe.

"Pita," akasema. "Khatibu yuko kazini. Salme nimemtuma kwa dadake, na hakubeba kitu."

Alimwingiza chumbani kwake, akafunga mlango, akasimama akiutazama ukuta. Kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni. Ndani yake palikuwa na mkaja, kitambaa kikuukuu kilichofuliwa mpaka kikawa hakina rangi, kimefungwa kwa nguvu kama mzigo.

"Huu nimeuvaa tangu mtoto wa kwanza," akasema. "Khatibu ni wa saba. Nikiuvua, nashindwa kusimama."

Mwanatabu aliugusa ule mkaja, na Bi. Barke akaendelea.

"Mkandaji wangu alikuwa mtu mwema. Alipewa leso zake siku ya arubaini, hakuja tena. Tukikutana akiniuliza, hujambo Barke? Nami namjibu, sijambo. Miaka thelathini na tatu twajibizana hivyo, mpaka akafa. Ningemwambiaje, na leso nimekwisha kumpa?" "Nikisikia sauti yako dirishani nalala pale nyuma ya pazia, nami nainua miguu. Sijui kama nafanya sawa."

Mwanatabu alilia, na hakuona haya kulia. Alimlilia Bi. Barke, akamlilia na Mwanarehema, kisha akajipangusa kwa nguvu kama mtu aliyejikasirikia.

"Kukirudisha kama cha msichana siwezi, sitakudanganya," akasema. "Lakini utasimama bila mkaja. Lala chali."

Ilichukua mwaka na miezi. Salme alipona kabla yake, akabeba mimba ya pili, akazaa salama katikati ya mwaka wa sitini na tatu, na aliyemtekea maji safari hiyo ni mama mkwe aliyekuwa ametupa mkaja. Wazazi wote wa Mwanatabu sasa walirudi makwao pasi na yeye kupokea kitu, na Jumatano zake hazikumtosha, akaongeza Jumamosi. Wakandaji wenzake walimsema kwamba amewaharibia kazi. Akawajibu kwamba ndiyo, amekusudia. Hata Jomvu Kuu alikwenda, kwa miguu, kuketi na Mwanarehema, ambaye mara ya kwanza alikataa kumfungulia. Alikwenda mara ya pili.

Wiki ya uhuru, Disemba, Likoni ilipokuwa imepambwa makuti na bendera na watu wanajipanga kwenda kuvuka feri wakatazame ngoma, Bi. Barke aliingia uani kwa Mwanatabu na ile doti nyekundu. Ilikuwa imefifia mikunjoni kwa safari zake, na haijavaliwa hata siku moja.

"Nimepona," akasema. "Salme amepona. Pokea."

"Sipokei."

"Kwa nini, na kazi imekwisha?"

"Nikipokea, ukiumwa kesho nitakuja kwa lipi?"

Bi. Barke akaomba mkasi. Akaikata doti katikati, vipande viwili, akajifunga kimoja pale pale kiunoni, mahali palipokuwa na mkaja, na cha pili akamtupia Mwanatabu begani.

"Ada ni doti nzima," akasema. "Kipande si ada. Vaa, twende, na Jumatano usichelewe."