Kanisa la Egglisbach Lililovushwa Kijito

Ukimuuliza Mumbua kijiji cha Egglisbach kina watu wangapi, atakujibu mia tatu na kumi na wawili, na ng'ombe mara mbili ya hapo. Hajawahi kukanyaga Uswisi. Alitoka Masii, Ukambani, mwaka 2009 akaja Doha kumtunza mama mzazi wa mhandisi Mswisi aitwaye Reto, kwenye kompaundi moja ya Abu Hamour. Mimi, Loice, ni muuguzi. Tulikutana kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko Doha, tukitoka kanisani, na kila Ijumaa nilisimuliwa Egglisbach mpaka masikio yakachoka.

Mumbua alimwita yule bibi Susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka, na akakataa chakula. "Nitakula nikifika nyumbani," alisema, na sahani ikarudi jikoni ilivyokuja. Alikonda hadi pete ikawa inamchomoka kidoleni.

Reto alikuwa na kitabu chenye ramani na historia ya Egglisbach, kijiji alikozaliwa mama yake. Akawa anamtafsiria Mumbua, naye akakimeza chote. Jina la kijiji lilionekana kwanza kwenye barua ya watawa waliouza shamba, miaka zaidi ya mia saba iliyopita. Moto uliteketeza nyumba zote isipokuwa tatu. Nusu ya ardhi ni msitu, na majira ya baridi jua huchelewa kuvuka mlima hadi saa tano.

Basi kila jioni alimsukuma Susu kwenye kiti cha magurudumu kuzunguka kompaundi, polepole, joto likianza kulegea. Mfereji wa bustani waliufanya kijito cha kijijini. "Tuko darajani, Susu. Unasikia maziwa yakichemshwa kutengeneza jibini?" Susu alifumba macho na kutabasamu. Wakifika mlango wa jikoni alikuwa amefika kwao, na alikula.

Kasoro ilikuwa moja. Kwenye ramani kanisa liko ng'ambo ya kijito, upande wa msitu. Pale kompaundi kitu kirefu pekee kilikuwa tangi la maji, nalo lilikuwa upande wa huku. Mumbua akalivusha kanisa: tangi ndilo likawa kanisa.

"Kanisa la watu unalihamisha hivyo tu?" nikamuuliza.

"Wee Loice, nani atanishtaki?"

Mwaka 2013 wanakijiji wakapiga kura kuunganisha kijiji chao na cha jirani, na Egglisbach ikawa inakwenda kufutwa kwenye orodha ya serikali. Reto akaamua kumpeleka mama yake apaone kwao kabla ya hapo. Mumbua hakupata viza, akabaki.

Siku ya tatu tangu waondoke, Ijumaa, mimi na Mumbua tukiwa pamoja, simu yake ikalia, akaiweka kwenye spika. Ni Reto, sauti imemkauka. Mama hajala tangu wafike, anasema hapa si kwao. Kisha Susu mwenyewe.

"Mumbua, wameniweka mahali pengine. Kanisa liko upande mbaya. Njoo unirudishe nyumbani."

Niliona uso wa Mumbua. Miaka minne hakuna mtu mwingine aliyemhitaji hivyo mjini humu. Angenyamaza tu, na bibi angerudi Doha kesho yake.

"Susu," akasema, "kanisa liko mahali pake. Ni mimi niliyelivusha. Nilikosea."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwambie Reto akupeleke darajani. Mmefika? Sasa, maji yanatoka mkono gani? Kushoto? Vizuri. Vuka. Tuko pamoja, Susu. Usiangalie kanisa, sikiliza maji."

Alimvusha hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni mwa nyumba aliyozaliwa. Siku hiyo Susu alikunywa supu, bakuli zima.

Reto alirudi peke yake. Mama alibaki kijijini na dada wa Reto. Mwanzoni Susu alipiga simu kila jioni kuuliza njia. Baadaye mara moja kwa wiki. Mara ya mwisho nilikuwapo, simu ikiwa kwenye spika.

"Uje kututembelea, binti," alisema kwa furaha. "Ukifika darajani niulizie, wote hapa wananijua. Kwani wewe unaitwa nani?"

Mumbua akamtajia jina lake, taratibu, mara mbili. Kisha akakata simu akalia mbele yangu bila haya.