Kikombe cha Kuonjea

Kinyaa sikuzaliwa nacho. Nimekipata Uswidi ninakoishi, kwenye maduka ambayo hata tango moja linavalishwa plastiki. Na huko nako kila kitu kilinichefua: ndizi za majimaji, mtindi usio na harufu. Wenzangu kazini niliwachosha kwa majigambo kwamba hawajui mtindi mpaka waonje wa kwetu Rungwe.

Mwaka huu nilirudi likizo kwa Mama, Ibighi. Siku ya kwanza nilinywa chai kwa kikombe changu cha bati cha utotoni, kile kilichobanduka rangi. Siku ya pili Mama akanituma sokoni.

"Nenda kwa yule mama wa Isongole, ulete mtindi. Jioni baba zako wadogo wanakuja. Wanasema Ulaya imekuharibu. Nataka waone bado u mtoto wetu."

Mama wa Isongole ametuuzia mtindi tangu nikiwa shule ya msingi. Alinishika mikono yote miwili, akacheka, akaniuliza habari za baridini. Kisha akafunua ndoo, akachota kwa kikombe cha plastiki, akanipa nionje, kama anavyompa kila mnunuzi. Kikombe hichohicho alikuwa ametoka kukinywea mzee aliyenitangulia. Nilimwona akifuta masharubu. Ukingoni palikuwa na utando mweupe uliokauka, na nzi akitembea juu yake bila haraka. Kidole gumba cha mama yule kilikuwa kimezama kwenye mtindi mpaka ukucha.

"Hapana, mama, asante."

"Onja, mwanangu. Utachukuaje usichokionja?"

Nikatoa mkobani kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, nikaupangusa ukingo mbele yake na mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri. Hata hivyo sikuweza. Nikamrudishia kikombe kikiwa kimejaa. Akaumimina mtindi ndani ya ndoo, akafunika, na mimi nikazidi kuchefukwa.

Nilivuka barabara, nikanunua dukani mtindi wa paketi, wenye tarehe ya mwisho na picha ya ng'ombe anayetabasamu.

Jioni yule mkubwa kati ya baba zangu wadogo alipiga funda moja, akaweka bilauri chini. "Huu umetoka wapi? Mbona kama sabuni?" Mwenzake akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Kumbe habari za sokoni zilishafika Ibighi kabla yangu. Waliaga mapema. "Ndaga," walisema, wakimshukuru Mama peke yake.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nililala nikijichukia: Uswidi nilijifanya Mnyakyusa wa kupigiwa mfano, na hapa nimeshindwa kumeza nilicholelewa nacho. Lakini kila nilipokikumbuka kile kidole gumba, nilijikuta nikifuta midomo. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote, kwamba hata majuto hayakuniondolea kinyaa.

Asubuhi kikombe changu cha bati kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake. Mama alifungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha maua na kisahani chake, vile tulivyokatazwa kuvigusa tukiwa watoto kwa sababu ni vya mchungaji na wakwe. Akakiosha kwa maji ya moto, akarudia, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanipa mkononi kikiwa kitupu.

"Kikague kwanza, mwanangu," alisema, na hakuwa anatania, "kama kimetakata."