Siku Niliyotaja Mapipa Yangu Beni

Nilikwenda Beni kwa sababu ya barua moja iliyotuita wenye karakana mkutanoni. Serikali ilikuwa inatafuta karakana za kwanza za nchi nzima ambazo mashine zake zingefungwa vifaa vya mtandao: kifaa kinapima joto, kinahesabu kazi, kinatuma habari mpaka Kinshasa. Mimi napika sabuni hapa Butembo, na wanawake tisa wanakula kwa kazi hiyo. Hospitali inayonunua kwetu ilikuwa imeshatuonya: bila karatasi ya kuonyesha joto la kila pipa, itanunua kwingine. Kwa hiyo nilikitaka kile kifaa. Lakini nilikiogopa pia, na sioni haya kusema. Mwaka uliopita watu wa pori, wale wenye bunduki, walimshika mume wangu siku kumi na moja, na walijua hata idadi ya madumu ya mafuta tuliyopokea wiki ile. Mtu alihesabu, mtu akasema. Tangu hapo nyumbani kwetu hesabu haitajwi, hata mbele ya watoto.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Butembo. Papa Masika, ndiye mume wangu, alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alikaza kamba ya mfuko wangu mara tatu, ingawa haikulegea.

“Mama Masika, bakikuuliza tunapika ngapi, sema kidogo. Kidogo tu. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Bale batu banataka kutuona. Mimi nilishaonekana, inatosha.”

Kijiji cha Maboya, kizuizi cha kwanza. Askari aliangalia kadi yangu, akauliza kwa Lingala nimebeba nini. Sabuni mbili za zawadi, mkubwa, nikamwambia. Moja ikabaki kwake, haya, aoge. Baada ya kijiji cha Kabasha barabara ilikuwa tupu, na kwetu barabara tupu haimfurahishi mtu. Kasereka, dereva wangu wa pikipiki, Mprotestanti wa kuimba njia nzima, akaacha kuimba.

“Juu ya nini umenyamaza?”

“Niko nasikiliza, mama.”

Aka! Afadhali angeimba. Nilikagua kila kichaka mpaka tulipopishana na lori la mbao kutoka Beni, nikampungia dereva mkono kama ndugu yangu wa damu.

Saa tatu, Beni. Nilifikia kwa Kambale, binamu wa mume wangu, anayekamua mafuta ya mawese. Mashine yake ndiyo ya kwanza upande wetu kufungwa kifaa, kwa majaribio. “Wavukire, shemeji!” akanipokea kwa salamu ya Kinande, na kabla sijanywa hata chai akanivuta kwenye mashine. Kisanduku cheusi kilikuwa ubavuni. Kwenye simu yake nikaona saa mashine ilipowaka na mafuta yaliyotoka.

“Na Kinshasa bako banaona hii?”

“Sasa hivi.”

Nilirudi nyuma hatua mbili. Kambale akacheka, akafunga mlango, akachomoa waya wa kisanduku, kisha akawasha mashine upya.

“Asubuhi nakamua ya serikali. Mchana nakamua yangu. Kisanduku kinasema ile mimi nataka kiseme.”

Akili hiyo! Nilifurahi kweli, nikaona nami nimepata njia. Mke wake, aliyekuwa anachambua matunda ya mawese, hakuinua kichwa.

“Mficha uchi hazai,” akasema.

“Wewe nyamaza, hii ni mambo ya banaume.”

“Ya banaume? Na nani iko nachambua?”

Tulicheka wote, hata Kambale.

Siku ya pili, saa nne, ukumbini. Tulikuwa wenye karakana kama thelathini. Ofisa kutoka Kinshasa, dada mmoja wa miwani, aliwasha picha ukutani.

“Hii ni mashine ya hapa Beni,” akasema. “Inalala nusu ya siku, kila siku. Wakubwa wangu wanauliza, kwa nini tuanzie mahali pasipo na kazi? Miji mingine inatuomba. Ripoti yangu inaondoka leo.”

Kambale aliangalia viatu vyake. Nilielewa, na aibu ikanishika: kwa akili yake, na yangu ya jana, tulikuwa tumejifuta wenyewe.

“Na Butembo? Mama, wewe unapika mapipa mangapi kwa wiki?” ofisa akanigeukia.

Kwetu swali hilo haliulizwi mbele ya watu. Wenzangu waligeuza macho kwa heshima. Nilimwona Papa Masika alivyorudi kutoka porini, nguo zikimning’inia mwilini. Niliwaona na wale wanawake tisa. Neno “kidogo” lilikuwa tayari mdomoni.

“Kumi na mawili,” nikasema.

“Yoo!” mtu mmoja nyuma yangu akaguta.

“Na nani mwingine ataona?” nikamwuliza ofisa.

“Sisi tu, ofisini.”

“Ofisini muko bangapi?”

Akarekebisha miwani yake. Ndipo Kambale aliposimama, jasho likimtoka, akakiri kwamba alikuwa anachomoa waya, na wengine wakaanza kutaja kazi zao za kweli. Ripoti haikuondoka siku ile. Jioni ofisa alitusomea orodha mpya ya karakana zitakazofungwa vifaa, na karakana yangu ilikuwamo.

Kesho yake, njia ya kurudi. Kila mwanaume niliyemwona kando ya barabara na simu, nilidhani ananihesabu. Nilisali rozari nzima mgongoni mwa Kasereka.

Saa sita, Butembo. Sijashuka vizuri, muuza avokado nisiyemjua hata jina akanipongeza kwa kelele: “Félicitations, mama ya mapipa kumi na mbili!” Alicheka kwa wema kabisa. Niliinamisha kichwa, nikaharakisha nyumbani.

Papa Masika alikuwa ameketi mlangoni. Alishasikia.

“Ulisema.”

“Nilisema. Unisamehe.”

Hakunisamehe upesi. Wiki mbili alibadilisha njia ya kwenda misa, na mimi wiki mbili sikulala vizuri. Nilijifunza jambo moja tu katika safari ile, nalo ni chungu: watu wa pori walikuwa na hesabu yetu tangu zamani. Tuliowaficha ni wale waliotaka kununua kwetu.

Fundi alipokuja kufunga kifaa, Papa Masika alitoka mwenyewe, akamshikia ngazi.

“Mashine ikisimama gafula, kule Kinshasa bataona?” akamwuliza.

“Dakika ileile, papa.”

“Basi siku batu ba pori bakinibeba tena, kutakuwa mutu anayejua saa ile.”

Fundi akageukia skrubu zake, na Papa Masika akaendelea kushika ngazi.