Nilimwambia Fundi Atoe Matumbo, Aniachie Kioo

Nimekosa. Nalisema hilo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka mnihurumie.

Sikukosa kwa bahati mbaya, wala hakuna shetani aliyenipitia. Nilifanya nikiwa na akili zangu timamu, nimeoga, nimekunywa chai. Nisikilize basi, mwenzangu, ukimaliza unitukane ukitaka.

Mimi ni Mnyiramba wa Singida. Nilikuja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, jioni nikawa najifunza kompyuta, mwisho nikafungua steshenari yangu mwenyewe: kopi, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Hapo ndipo nilipokutana na mume wangu. Ni dereva wa watalii, Mwiraqw, alikuja kuchapisha vibali vya kuingilia Ngorongoro. Mke wake alikuwa amefariki, akamwachia mtoto mmoja wa kike wa miaka saba. Nitamwita Paska, si jina lake.

Mume alinipenda, sitaki kumsingizia. Paska naye aliniita mama mdogo toka siku ya kwanza, akawa ananisaidia kuosha vyombo bila kutumwa. Jamani, mtoto yule hakuwa na kosa hata la dawa!

Kilichonikera kilikuwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, zile ambazo kioo na mashine ni kitu kimoja. Mama yake Paska alikuwa karani kwenye loji moja; walipobadilisha vifaa wakamgawia ile ya zamani. Alipoumwa, na alipojua haponi, akawa anakaa mbele ya kamera yake na kujirekodi akiongea na mwanawe. Kisha akafa.

Kila siku Paska akitoka shule anavua viatu, anaiwasha. Inaunguruma dakika nzima ndipo iamke. Halafu yule mwanamke anaanza. Kiiraqw kitupu! Video ile ile, leo, kesho, keshokutwa. Paska anacheka palepale alipocheka jana.

Baba yake akiwa nyumbani alikuwa anatoka nje, anajifanya anakagua matairi. Hakuweza kukaa chumba kimoja na sauti ile. Aliniambia mara moja tu, "Ni za mama yake. Mwache."

Nikamwacha kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nachemka! Tayari mezani baba na mtoto walikuwa wanaongea Kiiraqw. Naomba chumvi kwa Kiswahili, napewa, kisha mazungumzo yanaendelea bila mimi. Sasa hata maiti naye anaongea lugha nisiyoijua ndani ya nyumba yangu? Nikajiaminisha kwamba ananisema. Mtu aliyekufa bila hata kujua kama nipo duniani!

Paska alipotimiza miaka minane, bibi yake alikuja kutoka Qurus. Huyo ni mama wa marehemu. Alileta maziwa na mahindi mabichi, nikamwamkia, akaniitikia vizuri tu. Halafu wakaingia sebuleni yeye na mjukuu, wakafunga mlango. Nusu saa nzima! Nasikia sauti ya marehemu, namsikia bibi akipenga kamasi, na mimi nimesimama kwenye korido ya nyumba yangu na sufuria mkononi kama mfanyakazi wa ndani.

Baada ya siku ile video ilibadilika. Ikawa nyingine mpya, nayo ikaanza kurudiwa kila siku. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshaamua.

Kisingizio nilikuwa nacho. Laptop yangu ya dukani ilikuwa na kioo kidogo, wateja wananilalia mabegani ili waone majina yao kama yameandikwa sawa. Nilihitaji kioo kikubwa cha kuchomeka pembeni. Ningeweza kuagiza cha mtumba Arusha, uwezo nilikuwa nao. Lakini nilikitaka kile.

Nikasubiri mume wangu apeleke wageni Serengeti wiki nzima. Asubuhi Paska akaenda shule, nikaita bajaji, nikaifunga kompyuta kwa kanga, nikaipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Aliiwasha, akaitazama.

"Dada, mbona nzima hii? Naweza kuiacha kama ilivyo, laptop yako ikawa inarusha picha kwa waifai. Itachelewachelewa kidogo, ila vitu vyako vyote vya ndani vinabaki."

"Na njia nyingine?"

"Nyingine natoa mashine yote ya ndani, naweka bodi ndogo ya kupokea picha, unachomeka waya. Hapo inakuwa kioo tu, kompyuta hakuna tena."

"Toa matumbo yote," nikamwambia. "Niachie kioo."

Akaanza kufungua mafaili, anahakikisha. "Humu kuna video kumi na mbili. Hazina majina, zimeandikwa namba tu, saba mpaka kumi na nane. Nikuhamishie kwenye flashi? Dakika tano hazifiki."

Mwenzangu, flashi nilikuwa nayo kwenye pochi! Nilikuwa nimeishika!

"Takataka hizo," nikasema. "Futa."

"Na diski iliyozibeba?"

"Baki nayo, utamwekea mteja."

Halafu nikacheka. Fundi naye akacheka kidogo kwa heshima, akachukua bisibisi.

Mume aliporudi nikamwambia umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua, nikaona walau niokoe kioo. Nikamwangalia kwa macho makavu kabisa. Akauliza, "Na vilivyokuwemo?" Nikasema vimeungua vyote. Akakaa kwenye kochi, mkono kwenye paji la uso, mpaka chakula kikapoa.

Paska, niliyemwambia uongo uleule, alikuja dukani kesho yake baada ya shule. Akakikuta kioo kinawaka, kina picha ya pasipoti ya mteja. Uso ukamng'aa!

"Imepona!" Akakigusa kwa vidole viwili. "Mama mdogo, imepona! Mama yuko wapi?"

Nilikuwa nakata picha za mteja. Sikuinua hata kichwa. "Mama yako alikufa, Paska. Hukuambiwa?"

Mteja alikuwa mama mtu mzima wa Endabash. Aliniangalia mpaka nikaona aibu, nikamkasirikia yeye badala ya kujikasirikia mwenyewe. Paska akaondoa vidole kwenye kioo, akaenda zake. Hakulia mbele yangu, na siku ile nililihesabu hilo kuwa ushindi wangu.

Miezi ikapita. Nyumba ikawa kimya. Nikapata nilichotaka, mnajua? Mezani wakaacha Kiiraqw. Wakaacha na Kiswahili vilevile.

Paska akatimiza miaka tisa. Bibi akaja na maziwa yake. Safari hii hakwenda sebuleni, alikuja moja kwa moja dukani, kaambiwa kioo kiko huko, akiwa amemshika mjukuu mkono, mtoto kavaa gauni la kanisani. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo, akatengeneza kilemba.

"Haya, mwanangu," akaniambia. "Tufungulie namba tisa."

"Namba tisa gani, bibi?"

"Ya leo. Marehemu aliweka moja kwa kila mwaka wa mtoto, mpaka afike kumi na nane. Tulikubaliana, kila akitimiza mwaka nakuja, tunafungua moja. Za mbele haruhusiwi kugusa. Na hajawahi kugusa, huyu mtoto! Anarudia ya mwaka wake tu, ndivyo mama yake alivyomwambia."

Ndiyo sababu ilikuwa video ile ile kila siku! Mtoto wa miaka minane, kila siku ana zawadi kumi mbele yake, hafungui hata moja kwa sababu mama amesema asubiri. Na mimi nilikuwa namwona mjinga.

"Iliungua, bibi," nikasema. "Umeme."

Bibi akanitazama, akakitazama kioo kinachowaka, akanitazama tena.

"Ya kumi na tatu ni ya kuvunja ungo," akasema taratibu, kana kwamba sijajibu. "Hiyo najua, aliniuliza aseme nini. Ya kumi na nane aliifanya amelala, hawezi tena kukaa. Nilikuwa namshikia taa. Akianza kuongea ananitoa nje, anasema haya ni ya Paska. Nilimwambia ziweke na kwenye simu. Akasema simu zinapotea, mama, kompyuta haitoki nyumbani."

Paska alikuwa ananiangalia mimi. Hamuangalii bibi, hakiangalii kioo. Alijua! Sijui alijuaje, lakini nakuapia mtoto alijua.

Walipotoka nilikimbia kwa fundi, kanga inaanguka njiani. Diski? Alishaifuta, akaiweka kwenye kompyuta ya mfanyabiashara wa ng'ombe wa Loliondo, mtu anayeonyesha sinema kwenye kibanda chake. Fundi akampigia. Yule bwana akasema kwa furaha diski ni nzuri sana, ameshaijaza sinema mpaka imejaa, ameanza kufuta nyingine apate nafasi.

Ningemwambia mume wangu siku ileile, pengine. Niliogopa, nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nikamwambia yote, mpaka ile "takataka", mpaka kicheko.

Hakunipiga. Hakunipigia hata kelele. Alichukua ufunguo wa gari, akapandisha Ngorongoro na kuteremka upande wa pili hadi Loliondo, akarudi na diski kaifunga kwenye leso. Akaipeleka Arusha kwa mtaalamu. Wiki mbili tulikuwa tunasubiri simu. Mtaalamu akasema imeandikwa vitu vingine juu yake mara nyingi mno, hakuna cha kuokoa, hata picha moja.

"Nilikuwa naenda kukagua matairi," ndilo neno pekee alilosema mume wangu. "Sikuwahi kukaa nikamsikiliza hata mara moja." Jioni ile akampeleka Paska kwa bibi yake Qurus. Akarudi kuchukua nguo zake, na tangu hapo akitoka safari analala kwa kaka yake. Kioo ameniachia.

Kipo hapa mbele yangu. Ndicho ninachoandikia haya. Kinafanya kazi vizuri, rangi safi, wateja wanakisifia.

Mnaweza kudhani ndoa kuvunjika ndiyo adhabu yangu. Bado! Kuna jambo nimelificha tangu mwanzo wa barua hii kwa sababu ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Enzi zile kompyuta ikiwa sebuleni, mimi nilikuwa namuigiza marehemu. Nikiwa jikoni, video inaongea, mimi nafuatisha kwa sauti yake, napandisha pale anapopandisha, navuta pale anapovuta, najitungia Kiiraqw cha uongo. Najua kuigiza watu, toka shambani kwenye kahawa nilikuwa nachekesha wenzangu. Nikafanya hivyo na mbele ya mashoga zangu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Paska akiwa palepale anamenya viazi.

Sasa Paska ana miaka kumi na tatu. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, niliona binti mrefu amesimama mlangoni. Nilimjua kwa macho yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, Paska. Karibu, mwanangu." Nikapiga magoti hapohapo, kwenye sakafu ya duka, nikaanza kuomba msamaha.

"Sijaja kwa hayo," akasema. "Simama, wateja watakuja."

Nikasimama.

"Sauti ya mama imenitoka. Namuona mdomo unavyocheza, ila sauti siisikii tena. Bibi amejaribu, anaishia kulia. Baba hawezi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo na begi lake mapajani. "Wewe ulikuwa unamuigiza. Ulikuwa unapatia. Igiza."

Mungu wangu! Nilisema siwezi, nikasema nimesahau. Uongo, sijasahau hata pumzi moja. Akakaa tu ananisubiri, kama alivyokuwa akisubiri zile namba.

Nikaigiza. Maneno ya hovyo, yasiyo na maana yoyote, kwa sauti ya mama yake. Paska akafumba macho. Nilipofika katikati nikaacha, nikaanza kulia.

"Anza tena," akasema, macho bado amefumba. "Usilie. Ukilia inaharibika."

Nikaanza tena.

Wewe unayesoma haya, kama umeingia kwenye nyumba ya mwanamke aliyekufa na umemwekea kijiba cha roho, nakuomba umwache na vitu vyake. Usiguse kitu ambacho hujui kinasema nini. Uliza! Muulize hata mtoto. Mimi sikuuliza. Sasa Paska anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye kiti kile, na mimi nafunga mlango wa duka, nameza machozi, namtoa mama yake kwa mdomo huuhuu uliosema futa.