Siku Tatu za Baba Flora

Ladislaus hakuzaliwa na sauti kubwa. Aliipata bondeni, chini ya Newala, kwenye mashine ya dizeli iliyokuwa ikisukuma maji kuyapandisha juu kwenye uwanda. Mle ndani ya banda la mashine huwezi kumwambia mwenzako neno bila kupiga kelele, na baada ya miaka kadhaa koo lake lilishazoea hivyo. Hata nyumbani alizungumza vilevile. Majirani walijua amerudi kabla hawajamwona, na wakiwa ugenini mkewe, Severina, alikuwa akimgusa goti taratibu ili apunguze.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Duka la ushirika lilikuwa halina kitu, ila kwenye kila mnada nguo za mitumba zilimwagwa chini kama mchanga. Kazini nako watu walikuwa wakipunguzwa. Waendesha mashine walikuwa wanne, wakabaki wawili, yeye na Hamidu. Mkuu wao alipokuja kuuliza watagawana vipi zamu, Ladislaus ndiye aliyetoa wazo. Badala ya kushuka na kupanda mlima kila siku, kila mmoja akae bondeni siku nne mfululizo, tangu alfajiri hadi giza, alale hukohuko, kisha apate siku tatu za kupumzika.

"Mtaziweza?" mkuu aliuliza.

"Tuna watoto wadogo, mzee. Sasa hivi kila nikifika nyumbani nawakuta wamelala. Heri niwakose siku hizo nne, halafu nikae nao tatu nzima."

Na kweli, miezi ya mwanzo alikaa nao. Flora alikuwa ameanza darasa la kwanza, na mdogo wake, Erasto, ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Ladislaus aliwaogesha, akawachemshia ming'oko, vile viazi vya porini, akaenda nao kupalilia chini ya mikorosho, Erasto akiwa mabegani. Wanaume wenzake walimtania kwamba amegeuka yaya. Hakujali. Alijiona amepata kitu ambacho baba yake mwenyewe hakukipata.

Siku moja Severina akamwambia, "Baba Flora, siku ambazo wewe upo, mimi nami ningetoka. Kaka yangu anapata marobota ya mitumba ya watoto. Niende mnadani Tandahimba, nishuke na Masasi, nirudi kabla hujaondoka."

Ladislaus aliona ni jambo la akili. Basi nyumba ikawa hivyo: mmoja anaingia, mwingine anatoka. Walikutana kwenye kituo cha magari, Severina na mzigo wake, Ladislaus na vumbi la njiani. Pale wakisubiri gari lijae ndipo walipopeana habari za watoto. Flora anataka daftari. Kuku mweusi kaanza kutaga. Erasto ametokwa na usaha sikioni, nimemtia mafuta ya nazi ya vuguvugu.

"Watoto wote hutokwa na usaha," Ladislaus alisema. "Utakauka."

Ulikauka, ukarudi, ukakauka tena. Ukitoka siku za Ladislaus, yeye aliona ni mara ya kwanza, na Severina naye akirudi aliukuta umekauka.

Kisha Severina akaanza kulalamika kwamba mtoto haitiki. Anamwita jikoni, haji. Anamtuma, anabaki kumtazama mdomoni kama mtu aliyepotea. Maneno aliyokuwa ameanza kuyasema vizuri sasa anayakata mikia.

"Kwangu mbona anaitika?" Ladislaus alishangaa. Hapohapo kituoni akageuka na kumwita mwanawe aliyekuwa akichezea mchanga mbali kidogo. "Erasto!" Wapiga debe waligeuka, na Erasto naye akageuka, akaja mbio akicheka.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Umemdekeza, Mama Flora. Anajua wewe huna nguvu."

Severina alichukua mzigo wake. Alipanda gari.

Baada ya hapo alianza kushika fimbo. Ladislaus alilijua hilo kwa Flora, jioni moja walipokuwa wakila. "Mama anampiga Erasto kwa sababu haitiki," binti alisema kwa sauti ndogo. "Na haitiki kwa sababu hajui kama ameitwa."

"Mama anamfundisha," Ladislaus alisema. "Kula."

Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya mwaka.

Masika yaliyofuata dizeli haikufika. Mashine ikalala, Ladislaus akarudi nyumbani siku ambayo si yake, akiwa na mafua yaliyomfunga koo kabisa. Akisema, unatoka mnong'ono tu. Severina naye hakwenda mnadani, barabara ya Masasi ilikuwa tope tupu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wote wanne walikuwa chini ya paa moja mchana.

Erasto alikuwa ameketi kizingitini, amewapa mgongo, anatengeneza gari la makopo. Ladislaus alimwita aje kunywa uji. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, akajikaza mpaka koo likamuuma, hakugeuka. Alinyanyuka, akasogea hadi nyuma yake, akasema jina lake juu ya kichwa chake. Erasto aliendelea kukunja waya.

Ladislaus akamgusa bega. Mtoto alishtuka, akainua mkono haraka kujikinga kichwa.

Severina alikuwa mlangoni na kibakuli cha uji. Aliona yote. Alikaa chini palepale, kibakuli bado mkononi.

Barabara ilipopitika walimpeleka hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Mganga aliyewapokea alikuwa mtu mzima, mpole, akamchunguza Erasto kwa muda mrefu. Sikio moja lilikuwa limekwisha. La pili lilisikia mlio mkubwa tu.

"Yalianza lini?" aliuliza.

Ladislaus alimtazama Severina, na Severina akamtazama yeye. Kila mmoja alikuwa amemwona mtoto nusu ya juma tu.

"Wakija mapema huwa tunaweza," mganga alisema, kisha akaona nyuso zao, akaacha, akaandika dawa.

Walikaa nje kwenye benchi kusubiri gari la Newala, Erasto amelala mapajani mwa mama yake. Severina ndiye aliyeanza.

"Mimi ndiye niliyempiga."

"Mimi ndiye niliyekuambia amedeka," Ladislaus alisema. Alikuwa amepata sauti yake, lakini aliyasema haya taratibu kuliko maneno yote aliyowahi kumwambia. Severina hakumlaumu siku ile, wala hakumlaumu baadaye. Ladislaus angeona nafuu kama angelaumiwa.

Aliomba arudishiwe zamu za zamani, za kurudi kila siku. Mkuu alimwambia haiwezekani, watu hawapo. Miaka miwili mbele naye akapunguzwa kazini. Siku zote saba zikawa zake. Lakini Erasto alikuwa ameshakwenda kusoma kwenye shule ya bweni ya watoto viziwi, safari ya siku nzima kutoka Newala.

Alirudi likizo akiwa amerefuka, mikono ikizungumza haraka. Flora aliishika lugha ile ndani ya likizo moja. Severina alijifunza ya kutosha kumuuliza kama ameshiba. Ladislaus alijitahidi, lakini vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa spana za miaka mingi, na kila alipomaliza neno moja Erasto alishaelewa na kugeukia jingine.

Jioni moja watoto walikaa uani wakizungumza hivyo, kimya, mara wakaangua kicheko pamoja. Ladislaus aliyekuwa akipasua kuni alisimama.

"Anasemaje?" alimuuliza Flora.

"Mambo ya shuleni kwao tu, baba," Flora alisema. "Ni marefu kuyaeleza."