Genge Alilolichagua Mukalay

Mukalay hapendi kupanda genge la mwamba lenye jina. Ukimtajia Nzilo, ambako vijana wa mji wetu wa Kolwezi huenda na bia na simu za kupiga picha, hukunja uso kama aliyepewa ugali mbichi.

"Kule bantu banajaa," husema. "Mi nataka fasi yenye hakuna muntu alishafika."

Kazi yetu ni moja: tunapaka rangi minara ya simu tukining'inia kwa kamba. Jumapili, watu wa mtaa wetu wa Manika wakiwa misani, sisi huenda kuning'inia tena, safari hii kwa raha zetu. Mama yangu huniambia, Adolphine, nyinyi mna wazimu. Sibishani naye.

Kabla ya minara, Mukalay alichimba miaka kumi na moja kwenye mashimo ya shaba ya upande wa mgodi wa Mashamba. Huko ndiko alikojifunzia kamba, na huko ndiko alikojifunzia mawe. Mchimbaji akiona rangi ya kijani ya malakiti, jiwe lenye shaba, kwenye mwamba, mkono wake hutangulia kabla hajafikiri. Nililijua hilo, na nililicheka. Tukiwa njiani kwenda kazini alikuwa akisimamisha pikipiki, anainama, anagonga jiwe, analilamba aone rangi yake, kisha tunaendelea. Laiti ningekasirika mapema.

Kiangazi hiki mvuna asali mmoja alimweleza habari za genge moja la kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki na saa mbili kwa miguu. Tulilifikia asubuhi ya Julai, baridi ikitukata vidole. Ukuta ulikuwa mrefu kama minara mitano iliyopandishwa mmoja juu ya mwingine, na chini yake hapakuwa na hata unyayo. Nilifurahi kama mtoto, nakiri.

Adhuhuri tulikuwa katikati ya ukuta. Mukalay alisimama kwenye kijukwaa chembamba cha mwamba, amejifunga kwenye kabari mbili za chuma: moja tulikuwa tumeigongelea nyuma ya bamba kubwa la jiwe, nyingine kwenye ufa wa pembeni. Mikononi alishika kamba yangu. Mimi nilikuwa juu yake mita kumi na tano, na kabari yangu ya mwisho, ile iliyopitisha kamba, nilikuwa nimeiacha mbali chini ya miguu. Aliye juu akiteleza, hana kingine cha kumwokoa ila mikono ya yule anayeshika kamba.

Hapo nikasikia nyundo.

"Mukalay, unagonga nini?"

"Hakuna kitu, mama Adolphine. Panda tu."

"Nakuuliza, unagonga nini?"

"Kidogo tu. Kuko malakiti ku hii jiwe kubwa, ya muzuri sana!"

Kugonga kunataka mikono miwili, mmoja wa nyundo na mmoja wa jiwe. Kamba yangu ilishikwa na nani?

"Acha! Ile jiwe ndiyo inatushika!"

Nyundo iligonga tena. Nilisikia mlio mzito, wa kitu kikubwa kinachoamua kuondoka mahali pake. Bamba likang'oka pamoja na kabari yake, Mukalay akaporomoka hadi kabari ya pili ikamdaka, na kamba ikanivuta kiunoni kwa nguvu. Vidole vyangu vikaachia. Nikaanguka. Nilipita kabari yangu nikiwa bado naanguka, na nilichofikiri ni kimoja tu: hajashika.

Kamba ikakazika. Nikajigonga ukutani kwa bega, nikaning'inia, huku vumbi la lile bamba likipanda kutoka chini kabisa.

Ilinichukua muda mrefu kufika alipokuwa. Nilipofika, nilimpiga kofi. Hakujikinga. Ndipo nilipoona kiganja chake cha kulia: kamba ilikuwa imepita humo ikichubua ngozi yote, na bado alikuwa ameikunja ngumi juu yake, damu ikimchirizika hadi kwenye kiwiko. Ilibidi nimfungue kidole kimoja kimoja.

"Miaka kumi na moja, mama," alisema, akikitazama kiganja. "Mukono haikuniuliza."

Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Nilimchukia na nilitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja. Nilimshusha yeye kwanza, sehemu baada ya sehemu, nami nikamfuata. Pikipiki niliendesha mimi mpaka Kolwezi.

Jumapili iliyofuata alikuja kwetu alfajiri. Mama alimwambia sitoki. Alijibu kwamba amesikia, akaketi kwenye ngazi ya mlango, mkono wake wenye bendeji juu ya goti. Misa ya kwanza ikaisha, na ya pili ikaisha, watu wakipita wakimsalimia. Hakubisha hodi tena, wala hakuondoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango ule ule, nimekaa chini, viatu vya kupandia vimeshafungwa miguuni tangu alipofika, lakini kitasa sijakigusa.